Uboho wa Tobias

London, 4 Machi 1985

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na Mama hamjambo hapo Makongeni. Hali yangu si mbaya sana.

Kansa imerudi. Madaktari wametoa uboho kwa mfupa wa nyonga, wakausafisha maabarani, wakautia dawa ili barafu isipasue seli, wakaugandisha. Sasa wanataka kunipa dawa kali. Itaua kansa, lakini itaua pia uboho wote uliobaki mwilini. Ndio wanirudishie ule wa barafu. Ukikataa kuamka, sina mwingine. Walijaribu kuyeyusha kidogo: kwa seli kumi, sita ziliamka.

Nataka neno lako kabla niweke sahihi ya kukubali.

Mwanao, Tobias

Makongeni, 19 Machi

Tobias wangu,

Uko aje? Sisi wazima, ila mama yako anasema nakoroma kama injini ya mvuke. Wivu tu.

Sasa wewe na hao wazungu mnanifundisha barafu? Mimi? Miaka ishirini nimelala na samaki kwa behewa la barafu la Kisumu! Ngege zangu, samaki wa ziwa, zilifika Nairobi zikiuliza nani ametuamsha. Ambia hao watu: kuyeyusha ni polepole. Weka kando, ngoja hata siku nzima. Ukimwagia maji moto nyama inalegea, umetupa. Wakikataa, usiweke sahihi. Waambie mimi Amolo nimesema.

Baba yako, mwenyewe hasa

London, 2 Aprili

Baba, hujambo? Mimi nimekonda, lakini nakula.

Nilimwambia mama wa maabara maneno yako. Alicheka mpaka akakaa chini. Anasema samaki wako walikuwa wameshakufa. Hizi seli lazima ziamke. Kugandisha ndio polepole, digrii moja kwa dakika. Kuyeyusha ni haraka, kwa maji ya joto la mwili, maana ile dawa ya kugandishia ikishapata joto inakuwa sumu kwa seli. Na walijua zingine zitakufa, ndio walitoa nyingi.

Bado unanikataza?

Mwanao

Makongeni, 15 Aprili

Tobias, salamu. Mama yako mzima. Leo sichezi.

Sikuwa mkubwa wa barafu. Nilifagia yale mabehewa. Mambo ya kuyeyusha nilisikia wenzangu wakibishana, nikayafanya yangu. Huyo mama anajua, mimi sijui. Weka sahihi, usikawie kwa sababu yangu.

Baba yako

Makongeni, 20 Mei

Mwanangu, u mzima? Wiki tano hakuna barua. Majirani wakiuliza nasema umepewa cheo, huna nafasi. Mama yako haniulizi tena. Andika hata mstari mmoja.

Baba yako

London, 28 Mei

Baba, Mama, salamu. Nisameheni kwa kukawia.

Niliweka sahihi siku ile barua yako ya Aprili ilifika. Walinipa ile dawa kali, na uboho walinirudishia tarehe tatu mwezi huu. Nikafungiwa chumba peke yangu, hakuna kuguswa bila glavu. Siku kumi na nane damu haikuonyesha kitu. Ya kumi na tisa, seli nyeupe mia moja kwa kitone cha damu: uboho umeanza kuamka. Jana, mia sita.

Leo asubuhi wamefungua mlango.

Mwanenu, Tobias