Siyo Miguu Iliyolia

Mkuu, Rombo
12 Agosti 1975

Kaka Faustin,

Shikamoo. Huku baridi imezidi, na kahawa ya mama imeanza kuiva. Ng'ombe wetu amezaa dume.

Umeuliza kama napumzika. Baada ya ile siku nilipolia mbele ya wanafunzi nikashindwa kunyamaza, daktari wa Moshi alinipa likizo, akasema akili imechoka. Baadaye akaniagiza nikimbie kila asubuhi mpaka nitoke jasho. Basi nakimbia kuelekea msituni, na usingizi umeanza kunirudia.

Lakini Jumamosi mwalimu mkuu, akiteremka na baiskeli, alinikuta nahema. Akasimama.

"Mwalimu Leonia, miguu inayopanda mlima hivi haiwezi kusimama darasani?"

"Siyo miguu iliyolia, mwalimu," nikamjibu.

Akapanda baiskeli, akaenda kusimulia. Sasa kijiji kizima kinaniita mvivu, eti wenzangu wanajenga taifa mimi nacheza. Kesho asubuhi kamati ya shule inakuja kunitazama. Mama amenitandikia kitanda cha chumba cha mbele na kunisihi, "Lala, mwanangu, ujifunike, uongee polepole. Wakikuona mzima watakurudisha kazini."

Kaka, nimekasirika. Wiki zile nilizolala nikitazama dari, siwezi hata kunywa uji, hakuna hata mmoja wao aliyebisha hodi.

Nimemkatalia mama. Kesho nitakimbia kama kawaida. Wakitaka kuniona, wanisubiri uani mpaka nirudi.

Msalimie wifi na watoto.

Mdogo wako,
Leonia