Mihogo mu basani ya leta

Trezor, mujukuu na bwana yangu mudogo,

Jambo yako. Hapa Nzilo tuko bazima. Mahindi imeiva, na nguruwe ya tata pastere anakuya kila siku kutusaidia kuikula.

Unaniuliza: leta, ni kusema serikali, imekutuma kuweka robine za mayi mu kartie, mutaa ya Kasulo, sasa uanzie wapi?

Wakati nilikuwa nimeolewa mupya, leta ilitujengea basani ya simenti, tangi kubwa na robine yake, kando ya kijito, tukunywe mayi safi. Hakuna mutu alituuliza kitu. Shiye bamama tukafurahi sana, juu pale pale njo tulikuwa tunalobanisha mihogo ya bukari, ugali yetu, mpaka ilainike, na kijito kilikuwa kinaibeba kila mvua. Tukasema, "Kumbe leta nayo inakulaka bukari!" Tukajaza basani mihogo.

Siku ya kuifungua, administrateri, mukubwa wa leta, akakuya na kravate. Akafungua robine, akajaza kopo, akaliinua mbele ya batu bote. Harufu ya mihogo ikamufikia kwanza, mayi nyuma. Lakini mukubwa hawezi kutema mbele ya batu. Akameza yote, macho ikamutoka, akasema, "Mayi hii iko... na vitamini."

Mama mukwe wangu akapiga magoti kwa heshima: "Aksanti sana, tata. Sasa utujengee na ya kunywa."

Akatujengea.

Basi, bwana yangu, kule Kasulo uulize bamama kwanza. Ao uende na tumbo ya nguvu.

Kambo yako, mama ya tata yako