Babu wa Udongo

Sumbawanga

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje huko Wampembe? Sisi tuko wazima, ila upepo wa huku juu unatupasua midomo. Nimeandika kwa sababu haya si ya kusema kwenye simu ya jirani.

Tangu turudi kutoka kumzika baba, mjukuu wako Salome hajasema neno. Miezi miwili, Mama. Mtoto aliyekuwa akiongoza sala darasani, akili zile si za ukoo wa baba yake! Mwalimu akatupeleka kwa dada mmoja mwenye chumba cha tiba ya michezo.

Sikumpenda. Mtu mzima, vyeti viko ukutani, anavua viatu na kukaa mkekani kufinyanga udongo na mtoto. Halafu wale watu wa udongo anawafungia kabatini, kwenye boksi lenye jina la Salome. Mji huu unaujua kwa mambo ya kurogana. Mimi hata nywele zangu za saluni naziokota na kuondoka nazo. Nikamuuliza ni za nini siri hizo. Akasema mtoto akirudi awakute kama alivyowaacha, na kwamba asiyeweza kusema lililo moyoni huweza kulicheza.

Nikadhani ni mtihani. Basi nyumbani nikamfundisha: finyanga baba, mama, nyumba ya bati, wote wasimame vizuri. Mwanangu ashindwe na udongo? Akafinyanga vyote, safi kabisa. Yule dada akatazama, akasema, "Hawa ni wa mama. Wa kwako wako wapi?" Uso uliniwaka.

Wiki hii nikakaa mlangoni, jicho kwenye upenyo. Salome akafinyanga mzee mwenye kofia, akamfukia kwenye beseni la mchanga. Akafinyanga bibi pia, akamgeuza atazame ukuta. Nikashika kitasa nimtoe mwanangu. Dada akasema taratibu, "Bibi haoni."

Mama, Salome akajibu. "Babu amekufa. Bibi hajui. Anasema ameenda Kipili."

Kumbe siku ile alichungulia mazishi. Ulipomwambia babu kaenda Kipili kununua nyavu, akaamini hujui. Amefunga mdomo neno lisimponyoke likakuua. Nani mwingine ana mtoto wa miaka sita mwenye moyo huo?

Nimemwambia unajua. Anatikisa kichwa, kwake wewe hujui, mimi ndiye niliyedanganywa. Panda lile gari la samaki, la migebuka, uje umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Yule dada anataka ukae na Salome mkekani. Nami nitakuwepo, maana huyo dada bado namchunga.

Nisalimie kaka mshona nyavu na mama mdogo wa kwaya. Waambie Salome ameongea.

Mwanao anayekungoja,
Mama Salome