Nilidhani Mtandao Mpya Umenitenga, Nikaungama

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla shule hazijafungwa, maana zikifungwa tu Winnie anakuja Bariadi, na mimi sina uso wa kumtazama.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, nina miaka arobaini na moja, na kwa muda mrefu nilikuwa na ukurasa mtandaoni wa mapishi ya kwetu, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, mlenda, dagaa, wafuasi walizidi elfu nne, wengi ni watu wa Simiyu walio mbali na nyumbani, nikiweka picha ya michembe asubuhi, hadi mapumziko ya chai nina salamu mia. Mpiga picha wangu alikuwa Winnie, mwalimu mwenzangu, mdogo kwangu, ananiita dada, na tangu Januari amehamishiwa Mwamanyili. Mtandao ule ulipoanza kufunguka kwa shida, afisa mmoja wa kompyuta hapa mjini, anaitwa Damas, akatuambia tuhamie mtandao mwingine ambao hauna bosi mmoja, kila seva ina mwenyewe na sheria zake, kama kaya na kaya, lakini watu wa kaya zote wanaweza kusikilizana, nasi tukakubaliana tuhame, kila mtu kwa wakati wake.

Mshauri, nilipoingia nilidhani nimekosea mlango. Kwanza wanakwambia uchague seva, na orodha ni ndefu, ya wapenda paka, ya wapenda treni, nikachagua yenye picha ya bustani, wakaniuliza kwa nini nataka kujiunga, nikajieleza kama mtu anavyojieleza ugenini, mimi ni nani, baba ni nani, ukoo wetu ni upi na tunatoka Ipililo, nikangoja siku mbili ndipo nikapokelewa. Ndani hakuna kitu. Ukurasa mweupe. Nikaandika salamu yetu ya asubuhi, "Mwangaluka", na picha ya michembe, kimya, kesho yake nikasalimia tena, kimya, nikamtafuta Winnie kwa jina lake, hayupo, nikajua amenifungia nisimwone. Siku tisa nilisalimia watu na hakuna aliyeitika.

Labda kwa mtu wa Dar kimya ni kimya tu, ila mimi nilikuwa darasa la tano baba yangu alipotengwa na kijiji kwa kutoonekana misibani, nakumbuka alivyokuwa anasalimia na watu wanapita, mama akifika kisimani wenzake wanabeba ndoo wanaondoka, hakuna wa kutuazima hata jembe, mpaka aliposimama mbele ya mkutano akataja makosa yake yote, hata ambayo hawakuyajua, akalipa faini, ndipo jirani wa kwanza akamwitikia. Sasa nami siku ya tisa nikajiambia hawa wamenitenga, na kama Winnie amenifungia basi amelijua lile jambo, na amewaambia wenzake.

Jambo lenyewe ni hili. Miaka mitatu iliyopita tulikuwa na banda la kikundi cha akina mama kwenye Nane Nane, Nyakabindi, na watu wa televisheni walikuwa waje saa tisa kumrekodi Winnie akieleza namna ya kuandaa michembe, kwa sababu yeye ndiye anajua kusema mbele za watu. Saa sita mchana kaka yake, Masunga, akanipigia mimi kutoka Bukundi kwa mama yao, mayu kama tunavyomwita, simu ya Winnie ilikuwa imeisha chaji, akasema, "Dada, mwambie Winnie mayu hali yake siyo. Anamtaja yeye tu. Apande gari sasa hivi." Magari ya Mwanhuzi, ya kumfikisha Bukundi, yalikuwa bado yapo. Nikasema nitamwambia. Nikangoja televisheni wamalize, na walipomaliza ilikuwa jioni, nikamwambia nimesikia mayu anaumwa kidogo, uende kesho. Alfajiri mayu akafariki. Masunga alidhani usafiri ulikosekana, hakuuliza, na mimi sikusema.

Na kinachoniua ni kwamba mama huyo alikuwa amemnunia Winnie tangu aolewe na Abdulrazak, kwa kuwa ni Mwislamu na sisi ni watu wa kanisa, walikuwa hawasemeshani mwaka wa pili, na kila Nane Nane ikifika Winnie analia kwangu, kwangu mimi, anasema, "Dada, mayu alikufa na kinyongo. Hata kuniita hakuniita."

Basi nikaiandika habari hiyo yote kwenye mtandao ule, na jina lake, na saa, nikaomba msamaha kwa wote walionitenga. Mshauri, ndipo wakaitika. Mama mmoja wa nchi za mbali, wa seva yetu ile ile, aliitafsiri akaisambaza kwa watu wake, nao kwa watu wao, kesho yake imesambazwa mara mia tatu, wageni wananitumia pole na mioyo, wananiita jasiri. Damas akaniambia hakuna aliyenitenga, mtu mpya haonekani mpaka awafuate watu, na jina la mtu huko lina vipande viwili, lake na la seva yake, mimi nilikuwa namtafuta Winnie kwa kipande kimoja. Alikuwepo siku zote, ananitafuta na yeye. Nimeifuta, lakini Damas anasema seva nyingine zinaweza kubaki na nakala na hakuna wa kumwendea akazifuta zote.

Jumanne Winnie amenipigia. Ameiona. Ndiyo habari yangu ya kwanza aliyoiona kule. Amesema, "Dada, kuna mtu kaingia kwenye akaunti yako kaandika uongo kuhusu mayu, watu wabaya sana, nikija tutabadilisha neno la siri." Nikasema asante.

Mshauri, siko sawa, darasani naandika ubaoni nasahau ninachoandika. Je, nimwache aamini hivyo, maana ndivyo anavyopata amani, au nifanyeje?

Mwalimu, Bariadi.

MAMA HONORATA ANAJIBU

Mwalimu, pole. Kwa zile siku tisa nakupa pole ya kweli, maana kusalimia bila kuitikiwa kunamaliza mtu, na aliyekulia katika kaya iliyotengwa huumia mara mbili. Wengi wananiandikia kuhusu mtandao huo wakidhani umekufa. Huko hakuna wa kukuchukulia maneno yako awapelekee watu. Unawafuata wewe, unasalimia wewe, unamwomba mtu anwani yake yote kama unavyomwomba namba ya simu. Yale waliyowahi kukufanyia wengine, sasa unayafanya kwa mikono yako. Hayo ungeyamaliza kwa simu moja kwa Winnie, ila hukupiga, kwa sababu ulikuwa unamwogopa.

Pole imeishia hapo. Unaniuliza kama umwache aamini akaunti iliingiliwa kwa kuwa ndivyo anavyopata amani. Amani ya nani? Nimeisoma barua yako mara tatu nikiitafuta amani ya Winnie, sikuiona. Nimemwona mwanamke anayelia miaka mitatu kwa jambo ambalo halikutokea, na analilia begani kwako. Mwenye kupata amani hapo ni wewe peke yako, na kwa barua hii naona hata wewe hupati.

Tena usijipongeze kwamba umeungama. Umewaambia watu mia tatu wasiokuhusu, wasiomjua mayu, wasiojua hata Bukundi ni wapi. Baba yako alisimama mbele ya wale aliowakosea. Wewe ulichagua watu ambao hawawezi kukudai kitu, na mwenye madai alipopiga simu mwenyewe ukamjibu asante.

Usingoje shule zifungwe. Asifike kwako na mfuko wa nguo, akala, akalala, ndipo umwambie, akakosa pa kwenda. Jumamosi hii panda gari la Lamadi, kisha la Mwamanyili. Nenda peke yako. Usibebe kuku, usibebe kitenge, hujaenda kulipa faini. Usiseme kwa simu wala kwa maandishi, maandishi umeshayatumia vibaya. Akiwa na mumewe, mwombe Abdulrazak awepo, maana baada ya wewe kuondoka Winnie atahitaji mtu. Mwambie ni wewe uliyeandika. Mtajie saa ya simu, mwambie magari yalikuwepo. Televisheni itaje mara moja tu, usiigeuze kuwa utetezi. Kisha nyamaza, na akikufukuza, ondoka. Jumapili mpigie Masunga umwambie na yeye.

Sikuahidi msamaha. Mimi ningekuwa Winnie sijui kama ningekuitikia tena. Huenda ukampoteza, na safari hii kimya chake kitakuwa chako kweli, hakuna Damas wa kukueleza kwamba umekosea jina. Kivumilie. Usimtumie watu wa kumbembeleza.

Lakini kuna jambo moja ambalo hukuliona, kwa kuwa muda wote umekuwa ukijitazama mwenyewe. Ulipewa ujumbe saa sita mchana, na haukuwa wako. Ni wa mama aliyekuwa amemnunia mwanawe, na siku yake ya mwisho akawa hamtaji mwingine. Hiyo habari Winnie hajaipata, aliyoisoma ameiita uongo. Ukishamwambia ubaya wako wote, kabla hajakufungia mlango, mfikishie neno alilotumiwa: mama yako alikuita.