Waya Uliofupishwa Mara Tatu

Naryn, 17 Januari

Mdogo wangu Melis,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima na baridi ya Kazan haijakushinda. Sisi tunapumua. Mama kifua kinambana asubuhi, lakini ikifika mchana anakunywa chai yake na kugombana na redio. Namba yako haipatikani, ndiyo maana barua hii naipitisha kwa Kanymbek, anayerudi huko kazini kwa basi la Jumatatu na analijua bweni lenu.

Nakuandikia kuhusu hita uliyomtengenezea Mama kabla hujaondoka, lile bomba ulilolizungushia waya. Mwezi wa kumi na moja waya uliungua ukakatika. Nilitupa kipande kilichoharibika, nikavuta ncha mbili nikazisokota pamoja. Hita ikawaka kwa moto mkali kuliko mwanzo. Desemba ukakatika tena, nikafanya vilevile, na mara ya tatu baada ya Mwaka Mpya. Mama akawatangazia majirani kuwa hita ya mwanawe ni kama farasi wa ukoo, kadiri inavyokomaa ndivyo inavyoongeza mbio.

Jambo hili nalifundisha darasa la nane. Waya ukiwa mfupi, ukinzani unapungua na umeme mwingi zaidi unapita. Waya wako ulikuwa mita nane, sasa umebaki mita tano. Umeme wote huo unapita pia kwenye nyaya za alumini alizozifukia marehemu Baba ukutani, nyembamba kama njiti ya kiberiti. Hazikuwekwa kwa mzigo huo, nazo zinachemka. Nyuma ya zulia la manyoya lililotundikwa ukutani juu ya kitanda cha Mama, plasta imeanza kugeuka kahawia.

Fyuzi ilijaribu kutuokoa. Wiki iliyopita uzi wake uliyeyuka mara mbili. Mama akamwita jirani Tashbolot, naye akaweka mahali pa uzi huo kipande cha shaba kinene kama msumari, kisichoyeyuka, akamhakikishia kwamba sasa hata dunia ipasuke, taa zake hazitazimika. Nilipomfuata alicheka, akasema: “Mwalimu, kwako wewe hata ng'ombe akikohoa ni umeme.” Nilikitoa kile kipande. Jioni kilikuwa kimerudi.

Ninapokuwa nyumbani naichomoa hita. Nikienda shule, Mama anaichomeka. Niliificha bandani, akaiburuta mwenyewe kwenye theluji huku akikohoa. Aliniambia kwamba jiko la makaa linamkaba, kwamba nje ni nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri, na kwamba mwalimu mzima anaogopa waya kama kifaranga anavyoogopa kivuli cha mwewe. Kila mapumziko nakimbia nyumbani kuweka kiganja ukutani. Leo sikuweza kuhesabu hadi kumi kabla joto halijanilazimisha kukiondoa.

Sasa nikuambie kwa nini hanisikilizi. Hujapiga simu tangu Oktoba. Alikuwa akiuliza kila siku. Waya ulipokatika mara ya kwanza nilimwambia kwamba umepiga akiwa amelala, na umenielekeza niufupishe ili apate joto zaidi. Alilia kwa furaha. Kwa hiyo nilisema hivyo tena, na tena. Kanuni niliijua. Ukuta ule pia niliujua. Sasa nikimwambia ni hatari, ananijibu kwamba Melis anajua zaidi.

Ningeweza kumwambia ukweli leo. Nimefungua kinywa mara mbili, nikaufikiria moyo wake na maneno ya daktari kwamba asishtuliwe, nikakifunga. Mpigie. Aichomoe kwa neno lako. Ukikaa kimya mpaka Jumapili ya wiki ijayo, nitamwambia yote, pamoja na kwamba hujapiga. Sijui kama ukuta utangoja.

Wasalimu wenzako wa bwenini. Mama anakusalimu. Safari hii sijatunga, amesema mwenyewe akinitazama nikiandika. Anasema usihangaike, joto lako linamfikia vizuri, na siku hizi hata ukuta unampasha mgongo.

Dada yako,
Burul