Mwanangu Analala kwa Dada, na Aliyepiga Simu ni Mimi

Wewe mama uliyeandika barua hii, kaa chini kwanza. Nimeichapa yote hapa gazetini, pamoja na pale unapojitetea, wasomaji wakuone ulivyo kabla sijakujibu.

*Mpendwa mshauri, Bibi Odessa, naomba msaada maana kanisani siwezi kusema na kazini siwezi. Binti yangu Kierra anapenda sana hesabu, na shule ya upande wetu ilikaa mwaka mzima bila mwalimu wa hesabu, basi nikamwandikisha kwa anwani ya dada yangu Verna, anayekaa ng'ambo ya barabara ya Dunmore, kwenye shule nzuri inayopokea watoto wa upande huo tu, nikasema mtoto anaishi kwake na ndiye anayemlea, na ulikuwa uongo, alikuwa analala kwangu na asubuhi namvusha kwa gari. Halafu tukasikia ofisi ya shule za wilaya ina mtu anayekaa garini alfajiri na kamera, anaangalia watoto wanatokea mlango gani, tukaogopa, tukamhamishia kwa Verna kweli, anakuja kwangu Jumamosi tu, tukasema ni kwa muda. Bibi, muda huo hauishi. Siku hizi Verna ndiye anayemsuka. Chumba chake kwangu kinanuka kama chumba cha wageni. Jumamosi moja tumemaliza kula, akavaa koti, akasema, "Mama, acha niwahi nyumbani, mama mkubwa anapika makaroni." Nyumbani. Nikamsindikiza huku nacheka.*

*Jumatatu yake nikapiga ile namba ya kuripoti watoto wanaosoma nje ya eneo lao, sikutaja jina langu, nikasema yule mtoto haishi pale, nilitaka wamtoe shuleni arudi kwangu. Mchunguzi akakaa nje wiki nzima, kila asubuhi anamwona akitokea kwa Verna, mwishowe akapiga hodi, akaona kitanda, ndara, na kofia yake ya hariri ya kulalia juu ya mto, akamwambia Verna, "Samahani mama, huyu ni wa hapa." Wakafunga kesi. Verna anaamini aliyepiga simu ni jirani yake, mzee Pruitt, na ameacha kumsalimia. Sasa nataka kwenda ofisini kwao mwenyewe nikaseme nilidanganya tangu mwanzo. Niende?*

*Mama Kierra*

Mama Kierra, uende ukaseme nini? Utawaambia, "Nilidanganya," watakuuliza, "Lini?" Mtu wao ameona kofia juu ya mto kwa macho yake. Uongo wako umegeuka ukweli mikononi mwako, na hakuna wa kuthibitisha vinginevyo, hata wewe mwenyewe.

Pale pa makaroni nimesoma mara mbili, nikavua miwani. Sina moyo wa jiwe. Mama aliyemkosa mtoto huandaa sahani ya ziada, halafu akaikasirikia ile sahani. Nalijua hilo, na sikufundishwa shuleni, maana shule mimi sikufika mbali.

Lakini umemwitia mwanao mtu wa kamera. Wiki nzima mtoto anatoka kwenda kusoma, anapigwa picha kama mwizi, kwa sababu mama yake alishindwa kufungua mdomo kusema, "Nimekukumbuka." Kusema "mtoeni" kulikuwa rahisi zaidi. Aibu hiyo ni yako, usimgawie mtu.

Na nani alikukataza kwenda kwa Verna jioni? Sheria inauliza mtoto analala wapi. Haijauliza mama yake anakula wapi. Unaitazama Dunmore kama bahari, na ni barabara tu, ina taa na pa kuvukia. Nenda ukamsuke. Kaa karibu yake akifanya hesabu zake, hata kama huambulii kitu. Hatarudi kulala kwako mwaka huu, nisikudanganye, na labda hata mwakani. Itauma. Iume ukiwa karibu naye.

Ofisini usikanyage. Jumapili ibada ikiisha, usipitie hata kwako kubadili viatu, nenda kwa Verna, uwakalishe mezani yeye na Kierra, uwaambie ni wewe uliyepiga simu na kwa nini. Verna atafoka, mwache afoke. Kierra akinyamaza, usimchokonoe. Kisha mpakulieni mzee Pruitt chakula, uibebe sahani wewe, Verna afuate nyuma akaombe radhi. Mkirudi ndani, kaa tena pale pale mezani, na usinyanyuke mpaka wamalize kukukasirikia.