Zege Hili Si la Bweni Lile

Lemara, Arusha

Kaka Elisha mpendwa,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mguu uliokuwa unakusumbua umepata nafuu. Mama anaendeleaje na presha yake? Dawa anameza, au bado anasema tu kwamba anameza? Mvua za huko Kasulu zimewahi? Mimi afya ninayo. Hasira pia ninazo, na ndizo zilizonikalisha hapa kuandika.

Utashangaa kuletewa barua na dereva wa basi wakati simu yangu inaita. Simu tumeijaribu mara tatu wiki hii, na mara zote tatu umeongea wewe. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Kaa chini usome hadi mwisho kabla hujaanza kutikisa kichwa, na kama miwani bado imevunjika, mwite wifi akusomee.

Najua bosi amekupigia akakuambia nimekuwa mkaidi, na kwamba nikiomba radhi mambo yataisha. Wewe ndiye uliyemwomba anipokee nilipomaliza chuo, kwa hiyo umeona aibu. Nakuelewa. Sasa sikiliza na upande wangu.

Kazi yangu hapa maabara ya vifaa vya ujenzi, kaka, ni kuvunja vitu. Nondo tunaivuta kwa mashine hadi ikatike, tofali tunaligandamiza hadi lipasuke, kisha tunaandika lilibeba uzito gani kabla ya kushindwa. Zege tunalipima kwa vipande. Siku ya kumwaga unachota zege lenyewe pale pale kwenye jengo, unalijaza kwenye viboksi vya chuma, kesho yake unavitoa vipande na kuviloweka kwenye maji. Vingine vinavunjwa siku ya saba, vilivyobaki siku ya ishirini na nane. Kipande kikiwa dhaifu, ujue na jengo ni dhaifu.

Nilitumwa upande wa Akheri, kwenye shule ya wasichana inayojengewa bweni la ghorofa. Nikakuta wanamwaga sakafu ya juu. Mchanga wao ulikuwa ule mweusi wa mlimani, wa huku huku Meru. Si mbaya ukioshwa, lakini wao hawakuuosha, vumbi lilikuwa jingi kuliko mchanga. Saruji nayo waliitia kama chumvi kwenye chakula cha mgonjwa. Nikachota vipande sita. Siku ya saba nikavunja vitatu, vikapondeka kama muhogo uliooza. Nikaandika nilichokiona nikampelekea bosi.

Siku mbili baadaye vile vitatu vingine havikuwemo kwenye maji. Mahali pake palikuwa na vipande vipya, vina namba zile zile na tarehe ile ile. Nikauliza, bosi akasema nimechanganya mwenyewe. Nikangoja siku ya ishirini na nane ifike.

Ilipofika nikaviweka kwenye mashine mbele ya bosi. Mashine ikanguruma weee, vipande vimekaza tu. Vilipopasuka hatimaye, bosi akapiga makofi.

"Umeona? Zege linakomaa taratibu."

Nikaokota kimoja nikatazama ndani. Mchanga wake ulikuwa mweupe, msafi, mchanga wa mtoni, ule unaoletwa kwa lori kutoka mbali. Yaani mkandarasi alitaka vipande vyake vifaulu mno, hata akaenda kutafuta mchanga bora kuliko ule aliojengea! Angetumia mchanga wake mweusi na kuongeza saruji tu, nisingegundua kitu. Njia ya mwongo ni fupi, kaka.

"Bosi, huu mchanga si wa pale," nikamwambia.

"Wewe umetoka Kigoma juzi, utaujua mchanga wa Meru?"

"Miaka miwili naufua kwenye soksi zangu. Naujua."

Akasukuma fomu mbele yangu. "Saini. Shule inasubiri cheti, mabinti wanahamia muhula ujao."

"Sisaini."

"Basi nenda nyumbani ukafikiri. Kesho utasaini, au utaacha ufunguo mezani."

Sikufichi, niliogopa. Nilifika nyumbani, hata viatu sijavua. Nikamsimulia mama mwenye nyumba wangu, Mama Anande, Mchaga wa Machame anayeuza vitambaa sokoni. Nikamuuliza angekuwa yeye angefanyaje. Aliendelea kumenya ndizi zake.

"Binti yangu mimi analala bwenini," akasema. "Si huko, lakini ni bwenini. Sasa unaniuliza nini, mwanangu?"

Asubuhi nikarudi kazini. Bosi akanipa kalamu mwenyewe, anatabasamu. Chini ya matokeo yake mazuri nikaandika: "Vipande hivi si vya zege la bweni. Vya bweni vilipondeka siku ya saba." Nikaandika na uzito vile vya bweni vilioubeba, nikaweka jina langu kamili na saini. Kabla hajamaliza kusoma nilishaipiga picha. Nikaichapisha kwenye duka la jirani, nikaipeleka Akheri kwa mkono wangu.

Mkuu wa shule ni mama mkimya. Aliisoma mara mbili, akauliza kama niko tayari kuyarudia maneno hayo mbele ya mhandisi wa wilaya. Nikasema hata sasa hivi. Akatoka mwenyewe, akawashusha mafundi, akapiga kufuli mlango wa bweni.

Jioni ile kibarua changu kikaota nyasi. Ndiyo habari yenyewe, kaka, nami siombi radhi. Unasema mtu akikosana na mkubwa hujishusha. Nijishushe nikamwambie nini? Kwamba nilikosea kuona? Mabinti wa watu walale juu ya vumbi lile, na wengine chini yake, ili mimi nisikuaibishe? Uongo sitausaini. Kazi nitatafuta nyingine, hapa hapa Arusha. Wiki ijayo mhandisi anakwenda kutoboa sakafu ile apime mwenyewe, nami nitakuwepo. Usinitumie nauli ya kurudi.

Nisalimie Mama, mwambie nakula na sweta navaa. Msalimie wifi, na shangazi anayeniombea kila Jumapili aongeze maombi wiki hii. Wanao waambie wasome hesabu, zina kazi.

Bosi akikupigia tena, usimwombee msamaha kwa niaba yangu. Na akikuuliza ukaidi huu nimejifunza kwa nani, usimsingizie marehemu baba. Baba alikufa sijajua kutembea, kaka. Ni wewe uliyenilea.

Mdogo wako,
Neema